Usukani wa Milimita 780

Anayeshuka boti Mkoani hukutana na mlima kabla hajakutana na mji. Barabara inatoka bandarini, inapanda, inapinda, na aliyebeba mzigo huanza kuhema kabla hajafika juu. Pemba nzima ndivyo ilivyo: vilima vifupi, vingi, vimekaribiana, chini mpunga na juu mikarafuu. Hakuna hata kimoja kinachofika mita mia mbili, lakini mtu wa baiskeli hahesabu urefu wa kilima, anahesabu vimebaki vingapi kabla ya kufika kwake. Ndiyo maana nyumbani kwetu usukani wa baiskeli uliitiwa kikao, ukapigiwa simu Maskati, na mwisho ukaingia hata kwenye posa.

Kwa miaka mingi tulikuwa na baiskeli moja tu, Phoenix nyeusi ya marehemu baba mkwe. Alibebea karafuu kwa baiskeli ile, gunia limelazwa kwenye keria na kufungwa kwa mpira wa tairi. Kazi hiyo imelea nyumba nyingi hapa tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kwa sehemu kubwa, imesimama. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kinachotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Phoenix ile usukani wake umerudi nyuma kuelekea kifuani kwa mpandaji, na breki zake si za waya. Ni fimbo za chuma zinazoanzia kwenye usukani wenyewe na kuteremka hadi kwenye rimu. Usukani na breki vimezaliwa pamoja, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufikiri kwamba usukani ni kitu cha kuchagua.

Kisha kijana wetu mkubwa akachuma karafuu msimu mzima, pesa zake akaziweka kwa bibi yake, na zilipotosha akaagizia Unguja baiskeli ya gia ya mtumba, zile zinazoshushwa na makontena kutoka ng'ambo. Ilikuja na boti, imelazwa juu ya magunia ya unga. Fremu ya alumini, matairi mapana yenye meno, breki za waya. Tulipoitazama tu tulijua kuwa imeumbwa kwa njia tunazozijua sisi. Njia yetu ya shamba huiacha lami, ikapita nyuma ya Makombeni, ikateremka bondeni, ikavuka kijito na kupanda tena juu ya mizizi ya mikarafuu. Wenzetu ng'ambo huendesha njia za namna hiyo kwa mashindano. Sisi tunapita kwenda kupalilia muhogo.

Haikuchukua muda kila mtu akawa na haki yake kwenye baiskeli ile. Alfajiri ilinibebea mikate ya kumimina na maandazi kupeleka bandarini kwa abiria. Asubuhi ikenda shamba. Siku ya kliniki, mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikaa kwenye keria, akamshika mjukuu wake kiunoni, akapelekwa Hospitali ya Abdulla Mzee kupima presha.

Masika yakaingia. Udongo mwekundu wa Pemba ukilowa huteleza kama sabuni, na kijana akateleza. Yeye alinyanyuka mzima, lakini baiskeli iliangukia jiwe na usukani ukapinda upande wa kushoto. Fundi wa njiani akataka kuunyoosha kwa nyundo juu ya gogo, kijana akakataa, na alikuwa na haki kukataa. Usukani wa chuma ukipinda kidogo hurudishika. Wa alumini ukishapinda umekwisha choka ndani kwa ndani, na siku yoyote, bila kutoa dalili, unaweza kukatika mkononi mwa mwenyewe akiwa katikati ya mteremko. Tukautia uvunguni.

Jioni ile, baada ya isha, kikao kikakaa barazani.

"Tia usukani wa Phoenix," alisema mume wangu. Yeye ni mtu wa bandarini, hapendi maneno marefu. "Babu yako kabebea magunia kwa usukani ule, mgongo umenyooka, na hakulalamika kiuno mpaka anakufa."

"Alilalamika kila usiku," alisema Bibi. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda."

Kijana akangoja bibi yake amalize. "Baba, usukani ule mikono inarudi kifuani. Ukisimama juu ya pedali kupanda mlima, magoti yanagonga. Ukiteremka, uzito wote uko nyuma, gurudumu la mbele halina wa kulishika. Huyo Froome, aliyezaliwa Nairobi, kabla hajashinda Tour de France ya 2013 alikuwa akiendesha baiskeli za milimani na David Kinjah huko Kikuyu. Nataka usukani wa namna ile, mpana."

"Na mimi kapu langu litaning'inia wapi?" niliuliza, kwa sababu mikate yangu ilikuwa ikining'inia hapo hapo kwenye usukani.

Bibi alitaka kitu kimoja. Usukani uwe juu, ili mjukuu wake asiiname mbele na kumwacha yeye akishika hewa.

Nimekwisha kaa na jambo hili vya kutosha, na nasema kwamba kijana alikuwa amelielewa kuliko sisi sote. Usukani wa njia za shamba una mambo yake. Upana ndio nguvu ya kugeuzia: gurudumu likikutana na mzizi hutaka kukimbilia upande, na mikono iliyotandazwa hulizuia kwa jasho dogo. Baiskeli za milimani za miaka ya 1990 nyingi zilikuwa na sukani za milimita 560 hadi 600 hivi, na shingo, yaani kile kipande kinachoushika usukani, ilikuwa ndefu na kumvuta mpandaji mbele. Siku hizi huuzwa za 740, 760, hata 800, na shingo imefupishwa, kwani usukani mpana juu ya shingo ndefu humnyoosha mtu mpaka akalala juu ya baiskeli. Kisha kuna mwinuko, yaani ncha zimepanda kiasi gani juu ya katikati, sifuri hadi milimita 40 kwa kawaida, na huo ndio uliokuwa hoja ya Bibi. Na kuna ule mpindo mdogo wa kurudi nyuma, digrii 5 hadi 9 kwenye nyingi, unaovipa viganja mkao wao wa asili. Usukani ulionyooka kabisa huumiza viwiko na vifundo vya mikono kabla ya safari kwisha.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kipimo kisichoonekana kwa macho, na hicho ndicho kilichotuangusha. Usukani hushikwa katikati na shingo, na katikati hapo pana unene wake. Za zamani ni milimita 25.4. Za baadaye nyingi ni 31.8, na zipo mpya za 35. Kwenye ncha, pale panapovaa vishikio vya mpira, zote hizo ni 22.2, kwa hiyo ukizishika mkononi hupati kutofautisha.

Mume wangu alikuwa na safari ya Chake Chake, akapewa kazi ya kununua. Katika duka moja la vipuri akaonyeshwa usukani mzuri, mweusi, umeinuka kama Bibi alivyotaka. Aliuliza kama utaingia, akaambiwa utaingia. Ulikuwa wa 25.4, na shingo ya baiskeli yetu ilikuwa ya 31.8. Uliingia kweli, na ukacheza humo ndani. Fundi aliyeletewa kazi hakuurudisha. Alikata kopo la maziwa ya unga, akauzungushia usukani vipande vya bati mpaka ukajaa, akakaza bolti nne kwa nguvu zake zote, akautikisa, ukatulia.

Kwa kazi ya namna hiyo kipo kipete cha alumini kilichopimwa, chenye unene wa milimita 3.2 pande zote, kinachoshikana na shingo sawasawa. Bati la kopo lililokunjwa halishiki. Linalala juu ya jenzake, na likipata unyevu linateleza.

Ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, mvua imekatika muda mfupi, boti inakaribia kuondoka. Nilikuwa nimetoka nyuma ya kijana kwa miguu, nimebeba birika la chai. Kapu la mikate lilining'inia kulia kwa usukani, maandazi yako kwenye keria chini ya kawa. Alipofika pale mlima unapoanza kuteremka kuelekea bandarini, nikamwona anakaza breki. Ukikaza breki ukiteremka, mwili wote huja mbele na kutua kwenye viganja. Usukani ukazunguka. Haukukatika wala haukuchomoka, ulizunguka tu ndani ya bati lake, ncha zikaelekea chini, na mwanangu akaenda nazo.

Mzazi aliyewahi kuona mtoto wake akianguka mbele ya macho yake hahitaji nimweleze. Birika sikumbuki nililiweka wapi. Wachukuzi wa bandarini walimfikia kabla yangu. Walimkalisha, mmoja akamfunga kidevu kwa leso yake, mwingine akaiondoa baiskeli kwenye rundo la madafu iliyokuwa imeliparamia. Mikate ya kumimina ilikuwa imetapakaa barabarani, na akinamama wawili waliokuwa wakikimbilia boti walisimama kuikusanya, safari yao wakaisahau kwa muda, wakanifutia kapu langu kwa kanga. Hospitalini kidevu kilishonwa, na mkono haukuvunjika. Alhamdulillah.

Mume wangu alikaa kimya siku ile mpaka magharibi. Kisha akautoa usukani wenye bati, akautia uvunguni pamoja na ule wa mwanzo, akampigia simu shemeji yake.

Kaka yangu anafanya kazi Maskati, ambako watu wetu ni wengi na Kiswahili kinasikika hata madukani. Ana jamaa wanaoendesha baiskeli milimani Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Aliyasikiliza yote, akamwomba kijana picha ya shingo, na kwenye picha akasoma namba iliyochapwa kwenye chuma kile: 31.8. Ilikuwa pale siku zote. Akatuambia pia mchezo huu ulivyoanza. Vijana wa Marin, California, katika miaka ya 1970 walichukua baiskeli nzito za kizamani, wakazifunga sukani pana na mikono ya breki za pikipiki, wakateremka nazo mlimani mbio, grisi ya breki ya gurudumu la nyuma ikiungua mpaka ikabidi itiwe upya. Mashindano yao ya kwanza kule yalikuwa Oktoba 1976, na mwaka 1977 Joe Breeze akaanza kuunda fremu mpya kwa kazi hiyo hiyo. "Nao walianza na baiskeli za babu zao," kaka yangu akamwambia mume wangu, na neno hilo likampendeza kuliko yote.

Usukani wa Maskati ulikuwa wa alumini, unene 31.8, mwinuko milimita 25, upana milimita 780. Sanduku la jirani aliyeuleta lilikuwa fupi kuliko usukani, ikabidi ulazwe mshazari kutoka pembe hadi pembe, umefungwa ndani ya shuka. Ukaruka hadi Unguja, ukapanda boti, ukafika kwetu hauna mkwaruzo. Safari hii kijana aliufunga mwenyewe kwa spana ya pembe sita, bolti nne kwa zamu, kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo. Bolti hizo zinataka nguvu ya nyutoni-mita 5 hivi, ambayo ni kazi ya spana fupi na vidole. Ukizikazia kwa uzito wa mwili unaua usukani au unaua shingo.

Njiani hakukuwa na tatizo. Nyumbani ndipo lilipozuka.

Mlango wetu wa mbele una mbawa mbili, na moja hukaa na komeo mwaka mzima. Iliyobaki mtu hupita vizuri, na baiskeli ya zamani ilipita vizuri. Usukani wa karibu sentimita themanini haupiti. Kijana akawa analigeuza gurudumu, anaingiza ncha moja kwanza, kisha anaizungusha baiskeli ndani ya ukumbi. Kwa namna hiyo uliondoka mtungi wa maji, ukafuata ufagio wa ukutani, na buibui la Bibi likachanika mkono likiwa bado msumarini.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, fundi cherehani, tunaishi naye. Jumamosi baada ya alasiri ndiyo posa yake ilikuwa inaletwa. Kahawa ilikuwa jikoni, halua imepangwa, ukumbi una pazia jipya alilolishona mwenyewe. Kijana alikuwa karudi kutoka shamba amechelewa, anataka kuificha baiskeli kabla wageni hawajafika. Akaingiza ncha ya kushoto, ikanasa pazia. Akairudisha, waya wa breki ukanasa komeo. Akasukuma, pazia likateremka na mti wake juu ya sinia la vikombe, na baiskeli ikakaa mlangoni, haiendi mbele wala nyuma. Yeye yuko nje, sisi tuko ndani, na mshenga na wazee wawili wanapanda ngazi ya baraza.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," tukaitika sote, na hakuna aliyeweza kuwafungulia.

"Wasizungushwe uani," Bibi akasema kutoka chumbani. "Posa haipiti jikoni."

Mshenga alikuwa mzee wa makamo ya baba mkwe, katika ujana wake mchukuzi wa karafuu. Akatazama, akavua kofia yake akampa mwenzake aishike. "Baba, una spana?" alimwuliza kijana. Kijana akaitoa mfukoni. Mzee hakugusa zile bolti nne za mbele. Alilegeza mbili za ubavuni, zile zinazoibana shingo kwenye bomba la uma, akaugeuza usukani wote ukalala sambamba na fremu. Baiskeli ikawa nyembamba, ikapita mlangoni bila kugusa kitu. Mzee akafuta mikono, akavaa kofia, akaingia, akatoa salamu za posa kwa utaratibu wake kamili. Ilipokelewa. Harusi ilifanyika, na pazia lile lile lilitundikwa.

Siku ile ya posa, kabla ya kuondoka, mzee alimwita kijana pembeni, nami nilisikia. "Usukani huu mzuri, lakini mpana kwa mlango wenu, na mpana kwa mikarafuu iliyopandwa karibu karibu. Upunguze. Usiukate leo. Sogeza vishikio na mikono ya breki ndani kwanza, endesha mpaka mwili ukubali, ndipo ukate. Kilichokatwa hakirudi."

Kijana alifuata. Wifi akamlaza kifudifudi kwenye mkeka, akamwambia ajiinue kwa mikono kama anavyojisikia mwenyewe, akapima kwa futi yake ya cherehani kutoka ukingo wa kiganja hiki hadi ukingo wa kile. Ikasoma sentimita 71 na ushei. Wakasogeza vishikio hadi 720, akaenda shamba hivyo mpaka akaridhika, kisha wakakata milimita 30 kila upande kwa msumeno wa chuma, wakalainisha kingo kwa tupa na kutia vizibo. Vizibo visiachwe: bomba tupu la usukani humtoboa mtu anayeuangukia. Shingo ya milimita 100 ikabadilishwa kwa ya 60, na hapo kijana akakaa wima kiasi cha kumtosha Bibi. Kapu langu halining'inii tena, kwa sababu mzigo unaobembea huvuta usukani upande wake kila kona. Limewekewa keria yake ya mbele. Mlangoni baiskeli bado huingia kwa kugeuzwa gurudumu, lakini mtungi mpya umesalimika.

Phoenix imebaki na usukani wake, na mume wangu ndiye anayeipanda kwenda bandarini.

Nawe unayetaka kubadilisha usukani, usimwulize muuzaji kama utaingia. Chukua uzi, uzungushe pale usukani wako wa zamani uliposhikwa na shingo, kisha upime uzi kwa rula. Ukisoma sentimita 8, unataka wa 25.4. Ukisoma 10, ni wa 31.8. Ukisoma 11, ni wa 35. Nenda dukani na uzi ule ule, uzungushe kwenye usukani mpya mbele ya muuzaji, na usipolingana uurudishe rafuni.